Karakana na Darasa: Tume Mbili za 1964

Imezoeleka, hata miongoni mwa watu wa ilimu hapa Kisii, kusema ya kwamba huduma kwa wanafunzi walemavu wa vyuo vikuu zilizaliwa na Katiba ya 2010, na kwamba kabla yake hapakuwa na rai wala waraka. Kauli hiyo naikataa, kwa kuwa mgogoro wenyewe, wa karakana na darasa, ulikwisha kuandikwa mwaka wa 1964, ilhali Uhuru wetu ulikuwa bado mchanga.

Mwaka huo zilitoka taarifa mbili. Ya tume ya elimu ya Profesa Simeon Ominde, aijuayo kila mwalimu, ilishauri kwamba watoto wenye ulemavu mdogo wasome pamoja na wenzao katika shule za kawaida. Ya pili, ambayo wasomi wetu aghalabu huiruka, ni ya kamati ya Waziri Ngala Mwendwa kuhusu matunzo na urekebishaji wa walemavu, iliyofuatwa na waraka wa serikali nambari 5 wa 1968, na hatimaye vituo vya kufundishia kazi za mikono, kikiwamo cha hapa Kisii.

Wapo wamlaumuo Mwendwa kwamba alimpeleka mlemavu karakanani badala ya darasani. Mimi sioni insafu katika lawama hiyo, maadamu watu wazima waliokwisha kukosa shule hawangeweza kungoja, na fundi aliye na cherehani yake Daraja Mbili, siku ya soko nguo zikimrundikia, haombi chakula cha mtu. Kosa ni la waliomfuata, walioifanya dawa ya dharura kuwa kikomo cha safari, hata ikadhaniwa kwamba asiyeona ametimiza elimu yake akishajua kusuka kikapu.

Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza 1965 kikiwa chuo cha walimu wa shule za msingi na kupata hati yake 2013, kimepita zama hizo zote. Siwezi kuzieleza moja moja, ila hata sheria iliitangulia Katiba hiyo ya 2010: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ndiyo iliyokataza, katika kifungu cha 18, mtu kunyimwa nafasi chuoni kwa ulemavu wake ikiwa anaimudu taalimu hiyo, ikataja pia masharti ya kuingia, alama za kufaulu, mitihani na ratiba.

Lakini mtazame mwanafunzi asiyeona aandikapo nukta nundu kwa kibao na kalamu ya chuma: mkono wake hutoka kulia kwenda kushoto, kama wazee wa Lamu katika hati zao za Kiarabu, ili karatasi nene ikigeuzwa isomeke kutoka kushoto. Mhadhiri akisema, “Kama mnavyoona hapa ubaoni,” kalamu ile husimama. Jirani yake humwinamia, akamnong’oneza kilichoandikwa, nukta zikaanza kugonga tena. Na msaidizi huyo, asiye na ofisi wala mshahara, alikuwako kabla ya sheria zote nilizozitaja.