Uhalali wa Vita na Miiko ya Vita

Wanasheria wanaoshughulika na vita wana istilahi mbili za Kilatini ambazo hawakubali zichanganywe: jus ad bellum na jus in bello. Ya kwanza huuliza kama waliopigana walikuwa na sababu ya haki ya kushika silaha. Ya pili huuliza walizitumiaje silaha hizo, na dhidi ya nani. Zikitafsiriwa harakaharaka, zote mbili huishia kuwa "haki ya vita", na msomaji hajui tena anaambiwa ahukumu lipi, sababu au mwenendo. Mkanganyiko huo una madhara, kwani ndani yake hupita kimyakimya ile hoja kwamba mwenye lengo jema haulizwi alilifikiaje.

Mama Ngina, mjini Mombasa, ni mahali pazuri pa kuzipimia istilahi hizi. Watu huja hapa jioni kupunga upepo, kunywa madafu na kula mihogo ya pilipili, lakini ufuo huu wa Ras Serani ndio mlango wa kisiwa. Karibu na hapo yamebaki magofu ya ngome ndogo ya Wareno, São José, iliyojengwa kulinda mlango huo. Kisiwa chenyewe huitwa Mvita, jina ambalo ndani yake linasikika neno vita. Francisco de Almeida aliuteka mji mwaka 1505 na kuuchoma moto. Manowari za jeshi letu la majini, zikitoka kambi ya Mtongwe, hupita mlango huuhuu kwenda bahari kuu.

Kisa kinachoonyesha tofauti ya istilahi hizi kuliko vyote ni cha Yusuf bin Hasan. Baba yake, Sultani Hasan wa Mombasa, aligombana na kapteni wa Kireno, akakimbilia bara, na huko akauawa kwa hila za Wareno mwaka 1614. Kichwa chake kikapelekwa Goa, makao ya Wareno huko India. Mtoto naye alipelekwa huko, akalelewa na watawa wa Mtakatifu Agostino, akabatizwa jina la Dom Jerónimo Chingulia. Katikati ya miaka ya 1620 akarudishwa Mombasa awe mfalme chini ya Wareno. Kwa jina alikuwa mfalme, lakini aliyekuwa na kauli ni kapteni aliyekaa katika ngome kuu ya Wareno, Fort Jesus.

Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, wakamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Akaurudia Uislamu hadharani na jina lake la kuzaliwa. Wareno waliokuwa mjini, pamoja na Waafrika waliobatizwa, walikimbilia nyumba ya watawa, Mji wa Kale. Siku chache baadaye wakauawa, wanaume kwa wanawake na watoto, baada ya kukataa kuiacha dini yao. Mwaka uliofuata Kanisa lilifungua uchunguzi huko Goa, na ushahidi uliokusanywa ndio unaotupa sehemu kubwa ya habari hizi. Lazima usomwe kwa tahadhari, kwa kuwa ulitafuta mashahidi wa imani, lakini kwamba watu wasio na silaha waliuawa hakuna mwanahistoria anayekana.

Sasa tuhukumu. Je, Yusuf alikuwa na sababu? Kwa maoni yangu, alikuwa nayo. Baba ameuawa, nchi imetwaliwa, watu wanatozwa kodi na ngome iliyojengwa juu ya vichwa vyao. Kumshambulia kapteni na askari wake ngomeni ni tendo la vita dhidi ya wenye silaha, ingawa kuna hila ndani yake. Je, ile nyumba ya watawa? Pale hapakuwa na bunduki iliyoelekezwa kwa mtu yeyote. Mauaji yale hayawezi kusafishwa na kichwa kilichopelekwa Goa, kwa sababu mtoto aliyejificha nyuma ya mlango hakukikata yeye. Hukumu zote mbili zinasimama kwa pamoja, na wala moja haiipunguzii nguvu nyingine: vita vya haki, vilivyopiganwa kwa dhuluma.

Wareno nao hawakuzitenganisha hukumu hizi mbili. Walipoirudia ngome, kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeishika mwaka 1635, aliagiza maandishi ya kumbukumbu yawekwe juu ya lango, na yapo hadi leo. Watalii hupita chini yake bila kuinua macho. Yanajisifu kwamba aliiadhibu miji ya Pate na Siyu, akabomoa kuta zake, na kwamba wakuu wa Pemba waliuawa kwa amri yake. Huyu naye aliona kuwa uasi wa Mombasa ulimpa ruhusa ya kufanya lolote popote pwani.

Hapa ndipo inapoonekana kwa nini wanasheria wamezitenga istilahi zile. Kila upande vitani huamini una haki. Kama haki ya sababu ingeruhusu kila njia, kila upande ungejiruhusu kila njia, na asiyebeba silaha asingekuwa na pa kukimbilia. Mwanazuoni wa Kiholanzi Hugo Grotius alichapisha kitabu chake kikuu kuhusu sheria ya vita na amani mwaka 1625, miaka sita kabla ya mauaji yale. Lakini wasomaji wa pwani hawahitaji kwenda Uholanzi. Wosia wa Khalifa Abubakari kwa jeshi lililokwenda Shamu, kama unavyosimuliwa katika Muwatta ya Imamu Malik, unakataza kuua wanawake, watoto na wazee, na kukata miti yenye matunda. Jeshi lile lilijiona lina sababu tukufu kuliko zote, na bado likawekewa mipaka.

Turudi kwenye maneno. Kwa jus ad bellum napendekeza "uhalali wa vita". Ni neno la hukumu, linauliza kama vita vilistahili kuanza. Kwa jus in bello niliwahi kuliwazia "adabu ya vita", neno zuri, lakini lina kasoro moja nzito: kumtia mtu adabu ni kumwadhibu, na hicho ndicho hasa Seixas de Cabreira alichodai kuifanyia Pate. "Sheria za vita" ni pana mno, maana uhalali nao ni sheria. Lililobaki, na ninaloliona bora, ni "miiko ya vita". Azimio la Arusha la 1967, huko Tanzania, liliweka miiko ya uongozi, na waandishi wa habari na madaktari wana miiko ya kazi zao. Mwiko haumuulizi mtu ana shida gani wala anataka kufika wapi. Ukivunjwa umevunjwa. Ndani ya miiko hiyo bado kuna hukumu za kupima, kama uwiano kati ya faida ya shambulio na madhara kwa raia, lakini hata uwiano hauruhusu raia kuwa ndio shabaha.

Ng'ambo ya kivuko, Likoni, kuna mfano wa karibu zaidi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 vijana waliolishwa kiapo walivamia kituo cha polisi, wakaua askari na kuchukua bunduki, kisha wakawageukia watu wa bara waliokuwa jirani zao. Mwanasheria atasema hivyo havikuwa vita kwa maana kamili ya sheria, na ni kweli. Lakini hoja zilikuwa zilezile. Malalamiko ya ardhi Pwani yalikuwa ya haki, na bado ni ya haki. Muuza mboga aliyechomewa kibanda hakumnyang'anya mtu shamba. Uchaguzi wa Desemba ulikuwa unakaribia, na wengi waliofukuzwa walijulikana kuunga mkono upinzani. Vyombo vya usalama navyo vilipokuja, vijana wengi wa Kidigo walikamatwa na kupigwa bila kuulizwa walikuwa wapi usiku ule. Kurudisha amani ni lengo halali, lakini kipigo kile hakikuwa halali.

Kenya ina Sheria ya Mikataba ya Geneva tangu mwaka 1968, na ni nadra kuisikia ikizungumzwa kwa Kiswahili. Nawaomba wahariri, walimu na wale wanaowafunza askari wetu wasiandike tena "haki ya vita" peke yake. Waulize uhalali, na wakishajibiwa, waulize miiko, hata kama aliyeivunja ni wa upande wetu.