Chapa ya Taya, Kutoka Nta Hadi Titaniamu

Mimi ni fundi wa meno bandia. Naletewa trei yenye chapa ya taya, namimina jasi, na modeli inayotoka ndiyo mgonjwa wangu. Mwenyewe huenda nisimwone maisha. Ndiyo maana historia ya chapa naitukuza kuliko historia ya meno yenyewe.

Zamani Ulaya fundi alichonga jino la kiboko au pembe ya ndovu, akajaribisha mdomoni, akapunguza, akajaribisha tena, na mgonjwa akavumilia. Mwaka 1756 Philipp Pfaff, daktari wa meno wa Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia, alieleza kitabuni njia nyingine: lainisha nta, chukua chapa nusu kwa nusu, unganisha nusu hizo nje ya kinywa, mimina jasi. Nta ilikuwa na ila moja, hupinda ikitolewa. Karne iliyofuata madaktari wakaijaza jasi yenyewe mdomoni. Jasi haipindi, lakini ikishaganda ilibidi ivunjwe humo humo, vipande vitolewe kimoja kimoja na kuunganishwa kama chungu kilichopasuka. Ilikuwa adha, ila usahihi wake nauheshimu mpaka leo. Baadaye ukaja ute wa mwani, agari, na Vita Kuu ya Pili ilipokata agari ya Japani, alijinati ya mwani wa kahawia ikashika nafasi. Bado naipokea karibu kila siku.

Zote hizo zilikuwa za meno na fizi za asili, na jino la asili huvumilia. Limeshikwa na nyuzi zinazoliachia kucheza kidogo, hivyo kasoro ndogo ya daraja la meno bandia humezwa. Mwaka 1965, Gothenburg, Uswidi, Per-Ingvar Brånemark alimwekea mgonjwa Gösta Larsson skrubu za titaniamu, yaani vipandikizi, kwenye taya la chini. Mfupa ukazishika, na Larsson akazitumia mpaka alipofariki mwaka 2006. Kitu kilichoshikwa na mfupa hakichezi. Ukikilazimishia daraja lisilokaa sawa, mvutano hubaki kwenye skrubu inayofunga daraja, nayo hulegea au hukatika.

Hapo kazi ya chapa ikageuka: sasa inatafuta mahali kilipo chuma, na upande kinakoelekea. Daktari hufunga kishikizo juu ya kipandikizi, kishikizo kinatoka kimenasa kwenye trei, nami nakifungia pacha wa kipandikizi kabla ya kumimina jasi. Vipande hivi ni ghali, kwa hiyo huoshwa, huchemshwa kwa mvuke na kurudishwa kazini, hata pale pakiti ilipochapwa namba 2 ndani ya duara lililokatwa kwa mstari, yaani tumia mara moja tu. Bei naielewa. Mvuke haunitishi sana. Nahofia kule kufungwa na kufunguliwa. Vitazame kwa lenzi: pembe sita zilizokuwa kali zimeanza kulika, na kishikizo kinapata upenyo wa kuzunguka. Ukiona hivyo, hata nyenzo bora ya chapa haikusaidii.

Daktari makini hujaribu fremu ya daraja mdomoni kwa kukaza skrubu moja tu ya pembeni, kisha hutazama upande wa pili. Ukinyanyuka, fremu inakatwa na kuungwa upya. Kwa jino moja, pacha aliyekwisha kutumika nampokea nikishamkagua. Kwa daraja refu nataka vipande vipya, na hilo namwambia daktari kabla hajamwita mgonjwa.