Betri ya gari haimpigi mtu stima, lakini yaweza kumpofusha

DEREVA anayetoka Malindi akielekea Lamu hujua kwamba baada ya kuvuka Mto Tana karibu na Garsen, vijiji huanza kuwa mbalimbali na gereji huwa chache zaidi. Ni hivyo hivyo kwa anayekunja Minjila ili kufuata barabara ya Hola na Garissa. Betri ikifa katika sehemu hizo, abiria hubaki juani na giza huweza kuwakuta njiani.

Baada ya shambulizi la Mpeketoni la Juni 2014, magari ya abiria yalianza kusafiri kati ya Garsen na Lamu kwa misafara chini ya ulinzi wa polisi. Gari lisilowaka wakati msafara unapoondoka liliachwa nyuma. Si ajabu basi kwamba kazi ya kuchaji betri imekuwa riziki ya mafundi wengi wa jua kali katika Kaunti ya Tana River, na kwamba watu wengi huifanya wenyewe nyumbani.

Hapo ndipo hatari ilipo. Betri ya volti 12 haina nguvu ya kumpiga stima mtu aliyeigusa kwa mikono mikavu, na kwa sababu hiyo wengi huiona kuwa kifaa kisicho na madhara. Huchajiwa chumbani usiku kucha, huku watoto wakilala kando yake na koroboi ikiwaka mezani. Wanaofanya hivyo husahau mambo mawili yaliyomo ndani ya sanduku hilo, nayo ni asidi inayochoma na gesi inayolipuka.

Yaliyomo ndani ya betri

Betri ya risasi na asidi ilibuniwa na mwanasayansi wa Ufaransa, Gaston Planté, mwaka wa 1859. Ingawa imeboreshwa mara nyingi, msingi wake haujabadilika. Ndani yake mna mabamba ya madini ya risasi na mengine ya oksidi ya risasi, yote yakiwa yamezamishwa katika maji yaliyochanganywa na asidi ya salfuriki. Betri ya gari ina vyumba sita vinavyoitwa seli, na kila seli hutoa takriban volti 2.1.

Betri inapotumika, asidi huungana na mabamba na kuacha utando wa salfeti ya risasi, ilhali maji yanayobaki huzidi kuwa mepesi. Kuchaji ni kuirudisha kazi hiyo nyuma ili asidi irejee majini na mabamba yasafike. Betri ikiachwa bila chaji kwa majuma kadhaa, utando huo hugeuka kuwa mgumu na hauondoki tena kwa urahisi. Ndiyo maana inashauriwa kuichaji betri mara tu inapoonekana kudhoofika, badala ya kungoja siku ya safari.

Betri inapokaribia kujaa, umeme unaozidi kuingia hukosa kazi nyingine na huanza kuyapasua maji yenyewe kuwa gesi mbili, haidrojeni na oksijeni. Mapovu yanayoonekana ndani ya seli ndiyo gesi hizo. Haidrojeni haina rangi wala harufu, na ikifikia asilimia 4 tu ya hewa iliyopo, cheche moja yatosha kuilipua.

Mlipuko huo aghalabu hutokea ndani ya betri yenyewe au juu yake. Sanduku hupasuka na kurusha vipande vya plastiki pamoja na asidi kwenye uso wa aliyeinamia. Macho ndiyo huumia kwanza.

Joto la Tana na kiasi cha chaji

Vitabu vingi vya maelezo ya betri huandikwa kwa kukadiria joto la nyuzi 25. Katika nyanda za chini za Mto Tana, joto la mchana hupita nyuzi 30 mara kwa mara, na chini ya boneti ya gari huwa kali zaidi. Betri iliyo katika joto huanza kutoa gesi mapema, hukausha maji yake upesi na maisha yake huwa mafupi.

Kwa kawaida, betri ya maji huchajiwa kwa volti 14.2 hadi 14.4. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 juu ya zile 25, kiwango hicho chapaswa kupunguzwa kwa volti 0.2 hadi 0.3. Chaja za kisasa zinazopima joto hufanya hivyo zenyewe. Zile za zamani haziwezi, na mwenye kuzitumia hana budi kukaa karibu na kuzichunga. Betri ikiwa moto kiasi cha kutoshikika, au ikianza kunuka kama yai viza, chaja izimwe kwenye swichi ya ukutani, watu wasogee mbali na betri iachwe ipoe.

Nguvu ya mkondo wa umeme nayo ina kipimo. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni kutumia ampea zisizozidi sehemu moja ya kumi ya ujazo wa betri. Betri ya ampea-saa 60 huchajiwa kwa ampea 6 au pungufu. Ikiwa imeisha kabisa, huhitaji saa 10 hadi 12 au zaidi. Anayeahidi kuijaza kwa saa moja kwa mkondo mkubwa huichemsha tu, na betri hiyo haitadumu.

Kipimavolti cha bei nafuu chatosha kuonyesha hali ya betri iliyopumzika kwa saa kadhaa. Volti 12.6 au 12.7 ni dalili ya betri iliyojaa, 12.2 ni takriban nusu, na chini ya 12 ni betri iliyokaribia kuisha. Kwa betri zenye vizibo, fundi hutumia pia haidromita, yaani bomba dogo lenye kuelea linalopima uzito wa asidi. Betri iliyojaa huonyesha karibu 1.265 hadi 1.280 katika kila seli. Seli moja ikiwa chini mno kuliko zile nyingine, betri hiyo ni mbovu na kuichaji ni kupoteza muda.

Utaratibu wa kuchaji

Kazi ifanyike nje kivulini, au katika chumba chenye madirisha yaliyo wazi. Sigara, jiko la makaa, koroboi na kila chenye moto kiwe mbali. Anayefanya kazi avae miwani ya kukinga macho na glavu za mpira, avue pete na saa ya chuma, na aweke karibu ndoo ya maji safi.

Betri ikaguliwe kwanza. Iliyopasuka, iliyofura au inayovuja isichajiwe. Iliyofunikwa na maji ya mafuriko, kama yale ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yaliyokata barabara ya Garsen kwenda Lamu, ioshwe nje, ikaushwe na kupelekwa kwa fundi, kwani tope likishaingia ndani ya seli haitafaa tena.

Kisha maji yatazamwe. Mabamba yakiwa wazi, yaongezwe maji ya betri yasiyo na chumvi, ya kutosha kuyafunika tu. Kujaza hadi alama ya juu kufanywe baada ya kuchaji, kwa sababu kimiminika hupanda betri inapopata moto. Maji ya mto, ya kisima au ya mfereji yana madini yanayoharibu mabamba. Asidi nayo isiongezwe, maana kinachopungua katika betri ni maji. Vizibo virudishwe mahali pake na matundu yake madogo yasafishwe ili gesi ipate kutoka. Vumbi la barabarani huyaziba bila mwenyewe kujua.

Yakishakamilika hayo, mpangilio huu ndio unaozuia cheche:

1. Injini na vifaa vyote vya gari vizimwe, na chaja iwe haijaunganishwa na stima.

2. Kibanio chekundu kifungwe kwenye ncha ya chanya ya betri.

3. Kibanio cheusi kifungwe kwenye chuma kitupu cha injini au bodi ya gari, mbali na betri na mbali na mabomba ya mafuta. Ikiwa betri imetolewa garini, kifungwe kwenye ncha ya hasi.

4. Chaja iwashwe baada ya vibanio vyote kushika barabara.

5. Kazi ikiisha, chaja izimwe kwanza, gesi ipewe dakika chache itawanyike, kisha kibanio cheusi kiondolewe kabla ya chekundu.

Ajali nyingi husababishwa na kupuuza hatua ya tano. Mtu huona betri imejaa, akang'oa kibanio chaja ikiwa bado inawaka. Cheche hutoka wakati ule ule ambapo gesi ni nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Kadhalika, kugusanisha ncha mbili kwa spana ili kuona kama betri ina nguvu ni mchezo wa hatari, kwani spana yaweza kuyeyuka mkononi.

Wakati wa kuitoa betri garini, ncha ya hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho. Hivyo, spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya haitapiga shoti.

Jampa, jenereta na sola

Anayekwama njiani mara nyingi huomba jampa kutoka gari jingine. Waya nyekundu huanzia ncha ya chanya ya betri iliyokufa na kuishia ncha ya chanya ya betri nzima. Waya nyeusi huanzia ncha ya hasi ya betri nzima, na kibanio chake cha mwisho hufungwa kwenye chuma cha injini ya gari lililokwama. Kisifungwe juu ya betri iliyokufa, kwa sababu kibanio cha mwisho ndicho hutoa cheche. Gari likishawaka, safari fupi ya kutoka Minjila hadi Garsen haitoshi kuijaza betri iliyoisha kabisa. Altaneta imetengenezwa kwa ajili ya kuitunza betri yenye chaji, na betri tupu yahitaji chaja.

Mto Tana ndio unaozungusha mitambo ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere inayozalisha stima kwa taifa zima, lakini familia nyingi za huku chini katika delta bado hutegemea jenereta au paneli za sola. Jenereta ya petroli iwekwe nje daima, kwa kuwa moshi wake una sumu inayoua usingizini. Paneli ya sola nayo isiunganishwe na betri moja kwa moja. Hutoa hadi volti 18 au zaidi juani, na bila kidhibiti chaji itachemsha maji ya betri hadi mabamba yabaki makavu. Isitoshe, betri ya gari imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ikitumiwa kuwasha taa na televisheni hadi iishe kila usiku, huharibika kwa miezi michache.

Ajali ikitokea

Asidi ikimwingia mtu machoni, aoshwe mara moja kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 20, huku kope zikifunguliwa kwa vidole. Jambo hili lifanywe kabla ya kutafuta gari. Kutoka kijiji cha delta hadi hospitali ya Ngao, Hola au Malindi ni mwendo mrefu, na dakika zinazopotea bila kuosha ndizo zinazoamua kama jicho litapona. Baada ya kuoshwa, apelekwe hospitali hata kama maumivu yametulia.

Iliyomwagika ngozini ioshwe kwa maji mengi na nguo zilizolowa zivuliwe. Magadi yatumike kuua makali ya asidi iliyomwagika sakafuni, lakini yasitiwe kamwe machoni wala kwenye kidonda.

Betri iliyokufa bado ni sumu

Betri isiyochajika tena isivunjwe nyumbani ili kuuza risasi wala asidi yake isimwagwe shambani au mtoni. Risasi huingia mwilini kwa vumbi na chakula, na huathiri akili za watoto hata kwa kiasi kidogo. Mwaka wa 2008, katika kitongoji cha Thiaroye-sur-Mer mjini Dakar, Senegal, iligunduliwa kwamba watoto 18 walikuwa wamefariki baada ya betri kuukuu kuchakatwa karibu na makao yao.

Pwani ya Kenya ina kisa chake pia. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika na risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri za magari hadi kilipofungwa mwaka wa 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza harakati zao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka wa 2015. Mnamo Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaidhinisha fidia hiyo.

Betri kuukuu, kwa hivyo, irudishwe kwa muuzaji wakati wa kununua mpya, ikiwa wima na bila kufunguliwa. Hadi siku hiyo, iwekwe mahali ambapo watoto hawafiki. Fundi naye asimruhusu kijana anayejifunza kazi kuinamia betri inayochemka bila miwani, hata kwa dakika moja.