Cwmystwyth: Bonde la Mvua na Risasi

Katikati ya Wales kuna kijiji kidogo cha milimani kiitwacho Cwmystwyth. Jina hili lina sehemu mbili: cwm ni bonde, na Ystwyth ni mto upitao humo, neno ambalo katika Kiwelisi lina maana ya kitu chepesi kupindika. Mto huo hushuka kuelekea magharibi hadi mji wa Aberystwyth, na hapo huingia baharini. Apitaye kijijini leo ataona kondoo, nyumba chache, na kando ya barabara marundo makubwa ya mawe ya kijivu. Marundo hayo ni mabaki ya uchimbaji wa madini, kazi ambayo haingeelezeka bila kuitaja mvua.

Pepo za magharibi husukuma mawingu ya Atlantiki juu ya milima hii, yakapoa na kumwaga zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, tena bila msimu mkavu wa kutegemewa. Kilimo hakistawi sana katika ardhi ya baridi na majimaji namna hiyo. Riziki ilitafutwa kwa mifugo na chini ya miamba.

Uchimbaji ulianza takriban miaka 4,000 iliyopita kwenye kilima cha Copa. (Mwanafunzi asidhani kwamba Copa ni shaba, kwa Kiwelisi ni kilele tu.) Shaba ndiyo iliyotafutwa hata hivyo. Wachimbaji waliwasha moto kwenye mwamba hata ukapasuka, kisha wakauvunja kwa mawe ya mviringo yaliyochukuliwa pwani na kwa pembe za kulungu. Simon Timberlake na wenzake, walioanza kufukua hapo 1986, walikuta magogo yaliyochongwa yakawa mifereji ya kutoa maji shimoni. Kwa kawaida mti huoza upesi; magogo haya yalihifadhiwa na udongo ule ule wa majimaji uliowasumbua waliyoyachonga. Mwaka 2002 likapatikana pia, chini ya kilima hicho, bamba dogo la dhahabu la zama za kale sana.

Baadaye ikafuata risasi. (Tuwakumbushe wanafunzi wetu kwamba neno hili, litokalo Kiarabu, lilikuwa jina la metali kabla ya kuwa jina la kitokacho bundukini.) John Leland, aliyepita bonde la Ystwyth katika miaka ya 1530, aliandika kwamba kuyeyusha risasi kulikwisha kuteketeza misitu ya hapo.

Sasa maji yalifanywa mtumishi. Wachimbaji walijenga malambo juu ya mlima, wakayafungua kwa ghafula ili mkondo ukokote udongo na kuuacha mshipa wa madini wazi. Katika karne ya 18 na ya 19 maji yalizungusha magurudumu yaliyoendesha pampu na mashine za kuponda mawe. Wanaume walifanya kazi chini, katika vumbi lililowaharibu mapafu. Wengi wao walitoka mbali, wakalala mgodini juma zima. Wanawake na watoto walikuwa juu, wakivunja na kuosha mawe katika maji ya baridi. Sijui kama kuna ujira uliotosha kwa kazi hiyo.

Mwishoni mwa karne ya 19 bei ya risasi ilianguka kwa sababu ya madini yaliyotoka ng'ambo. Zinki ilichimbwa kwa muda, na kufikia 1950 kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini mvua iliendelea. Hupenya kwenye marundo na kwenye njia za chini ya ardhi, ikatoka na risasi na zinki, ikaingia mtoni. Tangu miaka ya 1920 mwanasayansi Kathleen Carpenter alichunguza mito ya wilaya hii, akaonyesha jinsi risasi ilivyowaua samaki na wadudu wa majini. Karne moja baadaye wataalamu wangali wakitafuta namna ya kuyazuia maji ya Cwmystwyth yasiichafue Ystwyth, na sehemu kubwa ya marundo yale bado haioti nyasi.