Pini Saba za Kahura

Desemba moja tukiwa ushago, mjomba alimuuliza dada yangu swali mbele ya watu wote: "Kwani huko thieta kazi yako ni gani hasa? Si ni kumpatia tu daktari makasi?" Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi. Dada alitabasamu, akaendelea kukata sukuma wiki bila kusema neno. Amekuwa nesi wa thieta kwa miaka tisa.

Ninaandika haya kwa sababu ya kile kicheko.

Miezi michache baadaye, kidole tumbo kilinishika usiku. Nilifika hospitali nikiwa nimejikunja kama mkunga. Nesi aliyenipokea aliniuliza jina langu na ninachokuja kufanyiwa. Nikamjibu. Akaniuliza nilikula saa ngapi mara ya mwisho. Nikasema jana, maana nilitaka tu wanikate haraka maumivu yaishe. Akaniangalia. "Hata chai? Hata maji?" Nikakiri: chai ya maziwa na mandazi mawili, saa mbili iliyopita.

Hakunigombeza. Alinieleza kwamba mtu akilazwa kwa nusukaputi tumbo likiwa limejaa, chakula kinaweza kupanda kooni na kuingia kwenye mapafu, na hapo unaweza kufa kwa sababu ya mandazi. Akaenda kumwambia daktari wa usingizi. Wakanisubirisha hadi alfajiri. Mlangoni pa thieta akaniuliza jina tena. "Sista, si umeshaniuliza?" "Nimekuuliza, na ndani utaulizwa tena."

Nilipokuwa nyumbani nikisubiri kidonda kipone, nilianza kusoma historia ya upasuaji. Nilichokuta ni majina ya wanaume wenye visu. Boston, 16 Oktoba 1846: William Morton anamvutisha mgonjwa mvuke wa etha, na watu wanaona upasuaji usio na mayowe. Glasgow, 1865: Joseph Lister anaanza kutibu vidonda kwa asidi ya kaboliki ili visioze. Sawa, hao ni watu wakubwa. Lakini mimi nilikuwa namtafuta yule wa kuuliza kuhusu mandazi.

Nilimpata karibu na nyumbani kuliko nilivyodhani. Mwaka 1879, Robert Felkin, mmishonari Mwingereza aliyesomea udaktari Edinburgh, alikuwa Kahura, katika ufalme wa Bunyoro, Uganda ya leo. Huko alishuhudia mwanamke wa miaka kama 20, mwenye mimba ya kwanza, akipasuliwa ili mtoto atolewe. Aliyaandika aliyoyaona, na mwaka 1884 yakachapishwa katika jarida la madaktari la Edinburgh. Wakati huo, huko Ulaya, mama aliyefanyiwa upasuaji wa aina hiyo mara nyingi alikufa.

Watu wakisimulia kisa hiki humsifu mpasuaji. Ni haki yake. Ila hebu kisome tena ukiangalia mikono mingine iliyomo ndani ya ile nyumba.

Kabla ya kisu: mwanamke amenyweshwa pombe ya ndizi mpaka amelewa nusu. Amelazwa kwenye kitanda kilichoinama, amefungwa kwa nguo ya gome la mti kifuani na mapajani. Mwanamume mmoja anashika vifundo vya miguu yake, mwingine anatuliza tumbo. Mpasuaji ananawa mikono kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji, na tumbo la mama linaoshwa vivyo hivyo.

Baada ya mtoto kutoka, damu inazuiwa kwa chuma cha moto, kidogo kidogo. Kidonda kinafunikwa mkeka. Kamba zinakatwa, na wasaidizi wanamgeuza mama taratibu mikononi mwao ili maji yaliyobaki tumboni yamwagike. Wanamrudisha alivyokuwa. Ndipo kidonda kinafungwa kwa pini saba nyembamba za chuma, zikishikiliwa na uzi wa gome. Juu yake wanapaka dawa ya mizizi miwili iliyotafunwa, kisha jani la mgomba lililopashwa moto, kisha bendeji iliyokazwa.

Baada ya kisu, hadithi inaendelea, na hapa ndipo mimi nilikwama kwa muda. Mtoto aliwekwa kifuani kwa mamake baada ya saa mbili. Maziwa yakawa haba kwa siku kumi, kwa hiyo aliyemnyonyesha mtoto kwa sehemu kubwa alikuwa rafiki wa mama. Usiku wa pili homa ilipanda hadi nyuzijoto 38 na kidogo. Asubuhi ya tatu kidonda kilifunguliwa, kikapakwa dawa mpya, pini moja ikatolewa. Siku ya tano zikatolewa tatu. Siku ya sita, zilizobaki. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimefunga kabisa.

Huyo rafiki hana jina kwenye maandishi. Wala aliyeshika miguu, wala aliyepasha jani la mgomba joto. Felkin aliwaona, akawaandika, lakini hakutuachia majina yao.

Huko Ulaya pia mambo hayakuwa tofauti sana. Florence Nightingale aliandika mwaka 1863 kwamba hospitali ndogo za mashambani mara nyingi zilikuwa na chumba kidogo kando ya thieta, ambako mgonjwa alikaa hadi makali ya upasuaji yapungue. Hicho ndicho babu wa kile chumba nilichoamkia mimi, nikiwa natetemeka kwa baridi, na mtu akinifunika blanketi huku akiniita kwa jina.

Na glavu je? Majira ya baridi ya 1889 kuelekea 1890, Caroline Hampton alikuwa nesi mkuu wa thieta katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore. Dawa kali ya zebaki waliyotumia kuua vijidudu ilimbabua mikono vibaya, karibu aache kazi. Daktari William Halsted akaagiza kampuni ya Goodyear itengeneze glavu nyembamba za mpira. Mwaka huohuo wa 1890 wakaoana. Watu hupenda sehemu ya mapenzi. Mimi nimeshikilia hii: glavu hizo zilianza kwa ajili ya kuokoa ngozi ya nesi. Baadaye ndipo ilipoonekana kwamba zinamlinda mgonjwa pia.

Sasa turudi kwa yale maswali ya jina. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilizindua orodha ya usalama wa upasuaji, vipengele 19 kwenye karatasi moja. Timu husimama mara tatu: kabla ya usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutoka. Wewe ni nani? Tunapasua wapi? Je, sindano, vyombo na vitambaa vimetimia idadi? Hilo la mwisho nesi hulisema kwa sauti. Januari 2009 yalitoka matokeo ya majaribio katika miji minane, mmoja wao Ifakara, Tanzania. Vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Kama unaona ni maswali ya kupoteza muda, kumbuka mapema 2018, hapa Nairobi. Wagonjwa wawili walichanganywa. Mmoja alihitaji kuondolewa damu iliyoganda kwenye ubongo, mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Aliyefunguliwa kichwa ni huyo wa pili. Waligundua walipoitafuta ile damu wakaikosa.

Nilipopona nilimtembelea dada. Nilipanga kuomba msamaha, lakini wewe unajua ndugu walivyo, maneno hayatoki. Nikamsimulia habari ya Kahura badala yake. Alisikiliza yote, pombe ya ndizi, mkeka, jani la mgomba, akiwa anapiga pasi sare yake. Nilipomaliza aliuliza kitu kimoja tu.

"Zile pini. Zote zilitoka?"

Sikuwa nimefikiria. Nikahesabu kwa vidole. Moja siku ya tatu. Tatu siku ya tano. Saba ukitoa nne, tatu siku ya sita.

"Saba," nikasema. "Zote."

"Basi kulikuwa na mtu anahesabu," akasema, akageuza upande wa pili wa sare.

Desemba hii tunarudi ushago. Mjomba akiuliza tena, mimi ndiye nitakayemjibu.