TUONGEE PIKIPIKI, SEHEMU YA 3: Kofia ngumu ilitoka wapi, na kwa nini bado inaning'inia kwenye saiti mira?

Mama zangu na dada zangu, na nyie akina baba mnaosoma kimya kimya bila kukomenti, nawaona. Sehemu ya 1 tuliongea kuhusu watoto kuungua na ekzosi. Sehemu ya 2 tukaongea kuhusu mshikaki. Baada ya hapo wengi mkaja inbox na swali moja: "Nesi, hivi hizi kofia zinasaidia kweli, au ni kumwogopa trafiki tu?"

Leo najibu, ila najibu kwa historia. Swali lenu limeulizwa na watu wengi kabla yenu, na jibu lake limelipiwa kwa vichwa vya watu. Ni ndefu kidogo. Mlaze mtoto kwanza, halafu urudi.

Nianze na mimi mwenyewe. Miaka mingi nilikuwa nakataa kofia. Nimetoka kusuka, kichwa bado kinauma, halafu nivalishwe kitu chenye jasho la watu ishirini? Nilikuwa namwambia kijana, "Kaka, iache tu, ni hapo karibu." Mpaka zamu moja ya usiku tukampokea dada mmoja, abiria wa bodaboda. Mwili mzima hakuna mfupa uliovunjika, mchubuko wa kiwiko tu. Lakini kichwa kilikuwa kimegonga ukingo wa lami. Alipona, tunamshukuru Mungu. Ila kwa wiki kadhaa alikuwa anamwangalia mwanae wa miaka miwili, halafu anatuuliza huyu mtoto ni wa nani. Dereva alituambia kofia alimpa, akakataa, akasema ni hapo karibu.

Maneno yangu yaleyale. Tangu siku hiyo navaa.

Daktari wa mashindano

Sasa turudi nyuma zaidi ya miaka 100, Uingereza. Kulikuwa na uwanja wa mbio za magari na pikipiki unaitwa Brooklands, na daktari wake mmoja aliitwa Eric Gardner. Huyu daktari alichoka. Kila baada ya muda mfupi analetewa kijana ameumia kichwa. Pikipiki za wakati huo zilikuwa tayari zina mbio, na kichwani mtu anavaa kofia ya kawaida tu ya kitambaa.

Gardner akatafuta fundi, akamtengenezea kofia ya turubai iliyopakwa gundi ngumu aina ya sheleki, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikakauka na kuwa kama gamba. Akaipeleka kwa chama cha waendesha pikipiki. Mnadhani walishangilia? Mwanzoni waliikataa. Baadaye wakakubali, na mwaka 1914 kofia ikawa lazima kwenye mashindano makubwa ya kisiwa cha Man. Gardner alisimulia baadaye kwamba daktari wa kule kisiwani alimwandikia kuwa kila mwaka walizoea kupata wagonjwa kadhaa waliotikisika ubongo baada ya mashindano, lakini mwaka ule hawakupata hata mmoja.

Sasa hapo unaweza kudhani dunia nzima ilivaa kofia kesho yake. Wapi! Watu walisema hizo ni za wakimbiaji wa mashindano, sisi wa kwenda sokoni na kazini hazituhusu. Yaani "ni hapo karibu" ya Kizungu.

Kifo cha mtu maarufu

Tarehe 13 Mei 1935, mwanajeshi mstaafu aitwaye T. E. Lawrence alikuwa anarudi nyumbani kwake Dorset, kusini mwa Uingereza, na pikipiki yake aina ya Brough Superior. Huyu ndiye waliyemwita Lawrence of Arabia, kwa sababu ya vita alivyopigana pamoja na Waarabu dhidi ya Waturuki. Mbele yake barabarani kulikuwa na vijana wawili wa baiskeli. Akajaribu kuwakwepa, akarushwa. Hakuwa na kofia ngumu. Alilala bila fahamu siku sita, akafariki tarehe 19 Mei akiwa na miaka 46. Hebu fikiria: mtu kapita katikati ya vita kubwa akatoka mzima, halafu akafa karibu kabisa na nyumbani kwake.

Mmoja wa madaktari walioitwa kumtazama alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia. Kazi kama hii yetu inaacha alama. Kuna mgonjwa huwezi kumwokoa, halafu unaondoka naye kichwani miaka yote. Cairns hakuishia kusikitika, alianza kuhesabu.

Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, jeshi la Uingereza lilitumia vijana wengi wa pikipiki kupeleka barua na amri. Taa za barabarani zilizimwa usiku kuogopa ndege za adui. Mwaka 1941 Cairns alichapisha hesabu yake kwenye jarida la madaktari. Miezi 21 kabla ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao waliokufa barabarani Uingereza walikuwa 1,884. Miezi 21 ya kwanza ya vita walikuwa 2,279, ingawa petroli ilikuwa ya mgawo. Wengi walikufa kwa kuumia kichwa. Na kati ya majeruhi wote aliowaona yeye, waliokuwa wamevaa kofia ngumu walikuwa saba tu. Wote saba walikuwa hai.

Saba ni wachache, na yeye alilijua hilo. Lakini jeshi lilimsikiliza. Novemba 1941 askari wote wa pikipiki wakaamriwa kuvaa kofia wakiwa kazini. Mwaka 1946 Cairns alirudi na hesabu nyingine: vifo vya waendesha pikipiki vilikuwa vimepungua hatua kwa hatua.

Na raia je? Jimbo la Victoria kule Australia lilianza kulazimisha mwaka 1961. Uingereza yenyewe, alikofanyia kazi yote ile, sheria ya raia ilianza mwaka 1973. Tangu amri ya jeshi mpaka hapo ni miaka 32. Cairns hakuiona, alifariki mwaka 1952. Miaka 32 jibu lipo, limeandikwa, na watu wanaendelea kuzikwa.

Yai ndani ya kopo

Wengi mnaniambia kofia ni "chuma tu kichwani". Hapana mama. Cairns alifanya kazi na mwanafizikia mmoja, Holbourn, aliyetengeneza mfano wa ubongo kwa jeli ili aone unavyojipinda ndani kichwa kinapogeuka ghafla. Walichotufundisha ni kwamba ubongo ni laini, na unaumia hata fuvu lisipopasuka. Ndiyo maana yule dada yangu hakuwa na kidonda kikubwa.

Jaribu kupata picha hii jikoni. Weka yai ndani ya kopo la bati, liangushe. Kopo litabaki zima, yai litavunjika. Sasa lifunge yai kwa sponji kwanza, uliweke humo kopo, uangushe tena. Gamba la nje la kofia ni kopo. Kinachomwokoa mtu ni lile tabaka la ndani, linalofanana na povu jeupe la kufungia televisheni. Mwaka 1953 Wamarekani Roth na Lombard walipata hataza ya kofia yenye tabaka la namna hiyo, la kumeza kishindo. Povu lile linabonyea badala ya ubongo wako. Na likishabonyea mara moja, kazi yake imeisha. Kofia iliyowahi kupata ajali, hata ikipakwa rangi mpya, ni kopo tupu.

Kwa hiyo ukiona kofia ndani ina kitambaa tu na plastiki nyembamba, bila povu nene gumu, hiyo ni ya kumfurahisha trafiki. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha kuwa kwa waliopata ajali, kofia inapunguza uwezekano wa kufa kwa karibu asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Haiondoi ajali. Inabadilisha kinachofuata baada ya ajali.

Somo la Vietnam kwa akina mama

Twende Vietnam, kwa sababu wale wanafanana na sisi. Pikipiki ndiyo gari la familia: baba, mama, watoto na mboga za sokoni. Joto kama letu. Kofia walikuwa wanaziita kwa kejeli "jiko la kupikia wali", kwa jinsi zilivyo kubwa na za moto. Taasisi moja ikaanzisha kiwanda Hanoi cha kutengeneza kofia nyepesi za nchi za joto. Halafu tarehe 15 Desemba 2007 serikali ikalazimisha kila mtu, kila barabara. Watu walivaa, zaidi ya 9 kati ya 10, karibu mara moja.

Lakini angalia mtoto alivyosahaulika. Baba amevaa, mama amevaa, mtoto katikati kichwa wazi! Kwanza sheria haikuweka faini kwa ajili ya watoto. Pili, ulienea uvumi kwamba kofia inaharibu shingo ya mtoto. Wazazi walikuwa wanampenda mtoto wao, ndiyo maana walimvua. Ilibidi mwaka 2010 sheria irekebishwe, mtu mzima atozwe faini akimbeba mtoto wa miaka 6 na zaidi bila kofia.

Uvumi huohuo nausikia hapa kwetu kliniki. Kofia inayomtosha mtoto mkubwa haimharibu shingo. Kumvalisha ya baba yake, inayocheza kichwani, hiyo ndiyo hatari.

Na sisi je?

Neno bodaboda mnalijua lilikotoka: mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, vijana wa baiskeli wakiita abiria wa kuvuka "boda, boda". Injini ikaja baadaye, na pikipiki za bei nafuu zilipoingia kwa wingi miaka ya 2000 boda ikafika kila kijiji. Imewaokoa wajawazito wengi, siwezi kuisema vibaya. Lakini kofia ilikuja moja tu, ya dereva. Ya abiria ilisahaulika, kama mtoto wa Vietnam. Kenya waliandika kwenye sheria mwaka 2012 kuwa mwenye pikipiki ampe abiria kofia na abebe mmoja tu. Ukienda Kigali, abiria wa moto anapewa kofia kabla hajapanda, na haoni ajabu. Wale ni watu kama sisi, na wana joto na misuko kama sisi.

Kwa hiyo mama, fanya haya:

1. Usipande kofia ikiwa imetundikwa kwenye saiti mira. Iombe. Dereva akisema hana ya abiria, tafuta mwingine. Wakikosa wateja watatu wanne, watanunua.

2. Ifunge kamba ya kidevuni, ibakie nafasi ya vidole viwili. Kofia isiyofungwa hutangulia kuruka, kichwa kinafuata peke yake.

3. Kwa jasho na misuko, tembea na kitambaa chepesi cha pamba kwenye mkoba, ukifunge kwanza. Kiwe chembamba, kofia iendelee kukaza.

4. Kama familia ina pikipiki, kabla ya kununua redio nunueni kofia ya pili, na ya mtoto wa shule inayomkaa yeye. Ikianguka kwa ajali, itupeni.

5. Mtoto mchanga hana kofia inayomfaa. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo bado haina nguvu. Najua mnakwenda naye kliniki kwa boda, na najua umbali. Pale penye bajaji au daladala, chukua hiyo. Penye njia moja tu, mwambie dereva aende polepole kabisa, mchana, wewe peke yako na mwanao mgongoni, mbeleko imekazwa, na wewe umevaa kofia. Sitawadanganya kwamba hapo yuko salama. Nasema tupunguze.

Yule dada alikuja mwaka jana kusalimia. Mtoto sasa anakwenda shule, na mama yake anamwita kwa jina lake. Tulikaa kwenye benchi tukacheka, halafu akaniambia, "Nesi, ile miezi ya mwanzo siikumbuki kabisa, nasimuliwa tu." Akaondoka. Alikuja kwa boda, na alikuwa na kofia yake mwenyewe, ya bluu, kaibeba kutoka nyumbani.

Sehemu ya 4 tutaongea breki, tairi na mnyororo: nini mama asiye fundi anaweza kukagua kwa macho kabla hajapanda. Kwa leo nina ombi moja. Kesho ukipanda boda, omba kofia, halafu njoo hapa uniambie dereva alikujibu nini. Nitasoma zote nikitoka zamu.

Usiku mwema, na mlale salama.