Kutua kunaanzia juu: historia fupi ya kuruka na kinga ya mlima



Karibu kila kijana mwenye simu amekwisha kuona ile video: mtu na kinga ya mlima, ile tunaita VTT, anafika kwenye ukingo wa jiwe, anaruka, anashuka mita ine ao tano hewani, anatua, anaendelea sawa vile hakuna kitu kilipita. Video yenyewe sekunde kumi tu. Yenye haionyeshi ni miaka mingi ya watu kuvunjika, kufikiri, kuchimba udongo na kubadilisha vyuma, ili ile sekunde moja ya kutua iwezekane. Leo naandika juu ya ile miaka. Naandika pia juu vijana wa mitaa yetu wanaangalia zile video na kesho yake wanapima kwenye ngazi ya nyumba. Kwetu, mkono wa mtoto ukivunjika, ni familia nzima njo inalipa.

Nina wazo moja tu la kuwaletea. Katika historia hii watu hawakupona juu walikuwa na roho ngumu. Walianza kupona siku walianza kufikiria kutua mbele ya kuruka.

Tuanzie Marekani, huko California, kaskazini ya mji wa San Francisco, mahali panaitwa Marin. Tarehe 21 mwezi wa kumi 1976, vijana wa pale walifanya mashindano kwenye barabara ya udongo karibu na mji mdogo wa Fairfax. Ile barabara inashuka karibu mita 400 katika kilomita tatu na kitu. Kinga zao zilikuwa za zamani, nyingi za Schwinn za miaka ya 1930 na 1940, zenye mipira minene, na uzito wa kilo 20 na zaidi. Freni ilikuwa ndani ya gurudumu la nyuma: unarudisha pedali nyuma, inakamata. Kwenye mteremko ule, freni ilikuwa inapata moto mpaka grisi ya ndani inageuka moshi. Kisha kushuka, ilipashwa kufungua gurudumu na kupakia grisi mpya. Kutoka hapo njo jina la mashindano lilitokea: Repack, ni kusema kupakia tena.

Ile siku ya kwanza alishinda Alan Bonds. Lakini mwenye alikimbia kupita wote katika miaka yote ya Repack ni Gary Fisher, dakika 4 na sekunde 22. Joe Breeze alikuwa nyuma yake kwa sekunde mbili tu. Tunajua hesabu hizi juu Charlie Kelly, mwenye alikuwa anapanga mashindano, alikuwa anaandika saa ya kila mtu. Kisha akaendesha gazeti la kinga za mlima, Fat Tire Flyer, tangu 1980 mpaka 1987. Mushike jambo hili, nitalirudilia mwishoni.

Hapo Repack, kuruka haikuwa kusudi. Kinga haikuwa na resori, na kama jiwe linakurusha hewani, ilikuwa bahati mbaya. Resori pekee ilikuwa mikono na miguu ya mtu mwenyewe. Wale walijifunza kusimama juu ya pedali, kuachilia viwiko na magoti vikunje. Mwaka 1977 Joe Breeze alitengeneza kadre mpya kabisa, si ya kuokota kwenye takataka, kwa ajili ya milima. Ni kati ya kinga za kwanza za aina ile, na leo iko katika makumbusho ya taifa ya Marekani.

Nyuma ya hapo kukaja kitu kidogo chenye watu wengi wanasahau. Mwaka 1984, Breeze na mwenzake Josh Angell walileta resori ndogo ya kushusha kiti cha kinga bila kusimama. Waliita Hite-Rite. Juu ya nini kiti? Angalia mtu anaruka na kiti kikiwa juu: wakati kinga inapanda kumkuta, kiti kinamupiga kwa nyuma na kumutupa mbele, juu ya gido. Kiti kikiwa chini, kiuno kinapata fasi ya kushuka, na magoti yanapata fasi ya kukunja. Leo kinga nyingi za mlima ziko na kiti cha kushuka kwa kubonyeza kidole. Lakini wazo ni lile lile: kabla ya kuruka, tayarisha fasi ya mwili kutua.

Mwaka 1989 Paul Turner na kampuni yake RockShox walileta resori ya mbele, RS-1. Ilikuwa inaingia chini ya sentimita tano. Mwaka uliofuata, 1990, mashindano ya kwanza ya dunia ya kinga za mlima yalifanyika Durango, Colorado, na Greg Herbold akashinda upande wa mushuko. Resori zikaendelea kurefuka. Leo kinga za mushuko zinafika karibu sentimita 20.

Na hapo mtego ukafunguka. Watu walianza kufikiri kama chuma kitalipa deni lote. Katika miaka ya 1990, kwenye misitu ya kaskazini ya Vancouver, Canada, wapanda kinga walijenga madaraja ya miti na kuanza kurukia chini. Mwanzo wa miaka ya 2000, Mmarekani Josh Bender akajulikana sana kwa kuruka urefu wenye hakuna mwingine alithubutu, hata kupita mita 15. Roho alikuwa nayo, hakuna mwenye anaweza kukataa. Lakini mara mingi alifika chini bila kubakia juu ya kinga. Ile njia haikuwa na mwisho mzuri, na hesabu ya fizika inaonyesha sababu.

Tufanye hesabu pamoja. Ukishuka mita moja, unafika chini na mwendo wa karibu kilomita 16 kwa saa kuelekea udongo. Ukishuka mita ine, ni karibu kilomita 32. Ule mwendo wote inapashwa uishe. Kama umetua kwenye tambarare, na resori pamoja na mikono na miguu vinakupatia sentimita 50 za kusimama, mwili unabeba karibu mara tisa ya uzito wake. Kama umekaza mikono na magoti, ukabakia na sentimita 10 tu, ni karibu mara 41. Hakuna mgongo wenye uliumbwa kwa ile kazi.

Sasa badilisha udongo peke yake. Unashuka mita zile zile ine, na kwenda mbele una kilomita 32 kwa saa vilevile. Njia yako hewani, wakati unafika chini, inainama digri 45. Kama udongo nao unateremka digri 45 pale unagusa, hakuna pigo kubwa: unaingia kwenye mteremko kama ndege inaingia kwenye uwanja. Urefu ni ule ule, mtu ni yule yule, kinga ni ile ile. Yenye imebadilika ni fasi ya kutua tu.

Hii njo siri ya Red Bull Rampage, mashindano yalianza 2001 huko Virgin, Utah, kwenye milima ya udongo mwekundu. Wade Simmons wa Canada alishinda ya kwanza. Kisha 2004 walisimamisha, hatari ilikuwa imezidi, wakarudi 2008. Mpanda kinga pale anafika siku nyingi mbele ya mashindano akiwa na masepeto na watu wa kumsaidia kuchimba. Wanachonga mteremko wa kutua, wanamwangia maji, wanaukanyaga. Video inaonyesha dakika moja na kitu ya kushuka. Zile siku za sepeto haionyeshi.

Na hata hivyo haitoshi siku zote. Mwaka 2015 Paul Basagoitia alianguka pale, uti wa mgongo ukavunjika, akapoteza nguvu za miguu. Wapanda kinga wakapaza sauti juu ya usalama na malipo ya matunzo, na 2016 mashindano yakahamishwa fasi na utaratibu ukabadilishwa. Mwaka 2024 wanawake walipata mashindano yao pale kwa mara ya kwanza. Robin Goomes wa New Zealand akashinda. Nazitaja habari hizi juu mtu asifikiri kama nasema fizika inaondoa hatari. Inaipunguza tu, na hilo ni jambo kubwa.

Basi, kama una kinga na unataka kujifunza, historia yote hii inaweza kuingia katika mambo machache. Kwanza tembea kwa miguu, enda chini, angalia pale utatua, kisha panda. Shusha kiti. Simama, pedali mbili kwenye usawa mmoja, kiuno kikiinama, viwiko nje. Usifike polepole sana kwenye ukingo. Kinga ina kama mita 1.2 kati ya magurudumu. Ukienda kilomita 10 kwa saa, gurudumu la mbele linakuwa hewani karibu sekunde 0.43 peke yake mbele ya la nyuma kutoka. Na kuanguka mita moja nzima kunachukua sekunde 0.45! Munaona? La mbele linaweza kuwa limekwisha kuinamia chini wakati la nyuma liko bado juu, na wewe unapita juu ya gido. Kwa kilomita 20, ule wakati unakuwa nusu. Kama mwendo ni mdogo, sukuma gido mbele wakati gurudumu linaacha ukingo, mikono ikinyooka, kiuno kikirudi nyuma. Usivute gido juu, sukuma mbele.

Hewani, acha kinga ifuate mwinamo wa udongo, na macho yaangalie mbele ya pale utagusa. Ukikaribia chini, nyoosha miguu na mikono kidogo, bila kukaza, ili ipate fasi ya kukunja. Usiguse freni ya mbele mpaka magurudumu yote yawe chini. Vaa kofia ngumu. Anzia kwenye ukingo wa sentimita 20, na sikiliza: kwenye mteremko mzuri, magurudumu mawili yakigusa pamoja yanatoa sauti moja. Ukisikia sauti mbili, haujafika bado. Rudia pale pale, usiongeze urefu.

Nilisema nitarudilia Charlie Kelly. Katika Goma, wenye chukudu wanashuka milima na mamia ya kilo za kabichi, mbao ao makala, freni yao ikiwa kipande cha mpira wa gari chenye wanakanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Mji umewasimamishia sanamu ya dhahabu kwenye mzunguko. Ni vizuri. Lakini sanamu haisemi mguu unakanyaga wakati gani, mzigo unawekwa wapi ili gurudumu la mbele lisiinuke, wala fundi anachagua mti gani. Watu wa Marin hawakuwa na akili kupita wale wenye chukudu. Walikuwa na kalamu, na wenye walikuja nyuma yao hawakulazimika kuvunjika upya ili kujifunza jambo lile lile. Kati yetu wenye kusoma kurasa hizi, kuna mwenye bado anatafuta kichwa cha memware. Kichwa kiko barabarani, kinashuka kila asubuhi mbele ya jua.